Birika la Awiti

Nyayo Highrise niliijenga mimi. Ukiniambia kulikuwa na kampuni na mainjinia, nitakubali walikuwepo, walisimama kando na kofia zao wakinipisha. Niliijenga kwa mkono wa kushoto peke yake, kwa sababu wa kulia ulikuwa na shughuli ya kula. Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye meza ya drafti hapa Riruta Satellite kwa miaka tisa, na kila mwaka orofa zinaongezeka moja. Jeconia, ambaye tumecheza naye tangu nihamie huku, ameshanionya kwamba nikifika orofa ya ishirini atawaita watu wa ndege.

Sasa nataka kuandika jambo lililotokea kweli, na naona kalamu inakuwa nzito. Uongo huandikika wenyewe.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Kawangware ilikuwa ile ya kufanya hata jogoo awike mara moja tu kisha arudi ndani. Binti yangu Mercyline ana duka la kushona nguo, na nyuma ya duka kuna chumba chenye milango miwili, mmoja wa mbele na mwingine wa kutokea uani. Msichana mmoja akaja kukikodi kwa mwezi mzima. Mwembamba, miwani, begi kubwa kumliko. Jina lake Hope. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, wa ile digrii ya mwisho kabisa ambayo ukishaipata watu wanakuita daktari hata kama huwezi kudunga sindano.

"Napima mishipa ya damu, babu," aliniambia. "Si ile mikubwa. Ile midogo, myembamba kuliko unywele."

"Unaionaje kama ni myembamba hivyo?"

"Siioni. Naisikiliza na mwanga."

Nikampenda hapo hapo. Mtu anayesikiliza na mwanga ananishinda mimi kwa uongo, nikasema, kumbe alikuwa anasema kweli. Alikuwa na kibanio kidogo chenye taa nyekundu, anakubana nacho kidoleni, na kwenye kompyuta yake unatokea mstari unaoonyesha damu inayopita chini ya ngozi. Halafu anakutia mkono kwenye maji baridi dakika moja, anautoa, anangoja aone damu itarudi upesi au polepole. Alitaka kujua kwa nini vidole vya mama fua, wale wanaowafulia watu nguo, huwa vyeupe na kufa ganzi. Mwezi wa Juni alikuwa amepima wanawake arobaini kule Kibera, kwenye ukumbi wa kanisa Kambi Muru, karibu na pale alipozaliwa. Sasa alitaka arobaini wa Kawangware, awalinganishe.

Kazi yangu ilikuwa benchi. Kila mtu alipaswa kukaa nje ya mlango wa mbele dakika ishirini, ametulia, bila chai, bila sigara, ili mwili usahau safari. Hope akavua saa yake akanipa.

"Wewe ndiye bawabu wangu. Dakika ishirini, isipungue."

Nimefanya mjengo miaka thelathini na sita. Nimepewa sururu, mwiko, toroli, na matusi ya lugha tano. Saa, sikuwahi kupewa.

Wa kwanza kukaa kwenye benchi alikuwa Mwongeli, mama fua anayejulikana Satellite nzima kwa mdomo wake. Asubuhi hiyo hata mdomo ulikuwa umeganda. Mikono yake ilikuwa ya rangi ya majivu, kucha zimeliwa na sabuni, ameifumbata kwapani.

"Sifuna," akasema, "nikifa hapa uniandikie nilikufa nikisaidia sayansi."

Nikaitazama ile mikono, na nikamkumbuka Awiti.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini na kitu, Nyayo Highrise ikiwa bado nguzo na vumbi. Simiti ya Julai hula mkono wa mtu kama panya anavyokula sabuni, kwa vipande vidogo vidogo. Saa nne tukipumzika tulishuka kwenye ua, ambako wanawake walituuzia uji. Wote walikuwa na jagi la maji baridi la kunawa. Mmoja tu, huyo Awiti, msichana wa kutoka upande wa ziwa, alikuwa na birika juu ya jiko. Hakukupa bakuli kabla hajakunawisha. Alishika birika kwa kitambaa, akakuinamishia, na maji ya uvuguvugu yakakupita juu ya vidole mpaka kwenye karai.

"Mkono haujaamka," alisema, "na wewe unataka kuupa bakuli?"

Yale maji! Kwanza husikii kitu. Halafu vidole vinaanza kuwasha, kama siafu wameamka ndani na wanatafuta njia ya kutoka, na halafu vinakuwa vyako tena. Nilinawa, nikazunguka nyuma ya foleni, nikarudi.

"Ulishanawa wewe," akasema.

"Nimeshika simiti tena."

"Ukiwa umesimama hapo kwa foleni?"

Siku hiyo nilinawa mara tatu na nikanywa uji mara moja. Tukaoana, tukaishi Kambi Muru miaka thelathini na mmoja, chumba kimoja, na katika miaka hiyo hakuna mgeni aliyekula kwetu bila kunawishwa na lile birika, awe chifu, awe mlevi aliyepotea njia. Mke wangu alipofariki, Mercyline alikuja kunichukua na kuniuliza nitabeba nini. Nikabeba birika.

Kwa hiyo usiniulize nilifikiri nini nilipomwona Mwongeli. Sikufikiri. Niliingia dukani, nikawasha jiko, nikaweka birika. Dakika ya kumi na tisa nikamwambia alete mikono. Nikamnawisha, nikamkausha na taulo safi, na saa iliposema ishirini kamili nikamfungulia mlango akaingia.

"Haki ya Mungu, Sifuna," alisema akiingia, "umenirudishia vidole."

Kuanzia hapo kila mtu nilimnawisha. Nikafanya hivyo wiki mbili. Sikumficha Hope. Yeye alikuwa ndani, mlango umefungwa baridi isiingie, na mimi nilikuwa nje na jiko langu, na haikunijia kwamba ni jambo la kusema. Nani huripoti kwamba amemnawisha mgeni mikono?

Jumatano ya wiki ya tatu, karibu na saa sita mchana, Hope alifungua mlango mwenyewe. Uso wake ulikuwa unawaka.

"Babu, kuja uone kitu."

Kwenye kompyuta kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa umelala chini kama mtu aliyenyang'anywa blanketi. Mwingine ulikuwa juu tangu mwanzo, ukashuka kidogo, ukapanda tena mbio.

"Huu wa chini ni Kibera," akasema. "Huu wa juu ni Kawangware. Angalia! Umri ni ule ule, kazi ni ile ile, wote wanafua na maji baridi. Na huku ni juu zaidi, kuna baridi zaidi. Lakini mishipa ya watu wa huku inafunguka kama ya mtoto! Vidole vyao vina joto hata kabla sijaanza."

"Inafungukaje? Ina mlango?"

"Ndiyo, babu, karibu hivyo. Ile mishipa mikubwa ni barabara tu. Hii midogo imezungukwa na misuli kama pete. Pete ikikaza, damu haipiti. Ikilegea, inapita. Kila kidole kinaamua chenyewe kiombe damu kiasi gani. Moyo unasukuma tu, wenye kuamua ni hawa wadogo."

"Na ni nini kinailegeza?"

"Vitu vingi. Joto, kwa mfano. Ukitia mkono kwa maji ya uvuguvugu, ndani ya dakika moja milango yote iko wazi."

Nje, birika lilikuwa limeanza kunguruma.

Nilifungua mdomo, lakini Hope alikuwa ameshachukua simu. Alimpigia mama yake, akaongea Kijaluo, na mimi ambaye nililala miaka thelathini na mmoja kando ya Kijaluo nilielewa kila neno. Mama, nimekipata. Miaka minne, mama, nilidhani sitapata kitu. Ijumaa nasimama mbele ya wakubwa wangu wote. Ndiyo, nimekula. Usilie basi.

Nikafunga mdomo, nikatoka kukaa kwenye benchi yangu.

Jioni hiyo, jua halijatua, habari ilikuwa imefika kwenye drafti kabla yangu. Mwongeli alikuwa ameambiwa na Hope, na Mwongeli akiambiwa kitu huna haja ya redio.

"Damu ya Kawangware ni moto!" Jeconia alikuwa anapiga kifuniko cha soda mezani. "Imepimwa! Watu wa Kibera ni kama vyura. Sifuna, wewe ulikaa huko, ndiyo maana unacheza polepole."

"Si damu," nikasema. "Ni birika langu. Nimekuwa nikiwanawisha na maji ya moto kabla hawajaingia. Mashine inapima maji yangu."

Wakacheka mpaka vifuniko tunavyochezea vikaanguka chini.

"Kwanza Nyayo Highrise," Jeconia akasema akijifuta macho, "sasa na sayansi. Kesho utatuambia hata baridi ni wewe unaileta."

"Jeconia, nasema kweli."

"Wewe sema tu, mzee. Mara hii ni orofa ya ngapi?"

Nilikuwa nimekula matunda ya mdomo wangu kwa miaka mingi na yalikuwa matamu. Siku hiyo yalikuwa na mbegu.

Alhamisi asubuhi nilitembea kwa miguu mpaka Kibera. Nilijiambia naenda kuhakikisha. Huenda na kule Kambi Muru kulikuwa na mtu aliyewanawisha, na hivyo mistari iko sawa na mimi sina kosa. Ni ajabu mtu anavyoweza kuomba Mungu kuwe na mjinga mwingine kama yeye.

Chumba chetu bado kipo. Mabati ni mapya, lakini kile kipande cha zege mlangoni nilikimwaga mwenyewe, na pembeni bado kuna duara jeusi ambapo jiko la Awiti lilikaa. Nilisimama hapo nikiangalia Nyayo Highrise kwa mbali. Ilikuwa na orofa chache kuliko nilivyokumbuka. Mama mmoja alitoka ndani na beseni la nguo, akanitazama.

"Mzee, unatafuta nani?"

"Nilikuwa nakaa hapa."

Aliitwa Trizah, na kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Nikamuuliza kama alipimwa vidole pale kanisani. Akasema alipimwa.

"Na mlipokuwa mnangoja kwa benchi, mlipewa maji ya moto ya kunawa?"

"Maji ya moto! Na nani?" Akacheka. "Tulikaa hapo tukitetemeka kama vifaranga. Yule msichana ni mzuri, lakini hiyo baridi, ai."

Alinishika mkono kuniaga na mkono wake ulikuwa kama jiwe la asubuhi. Nikamwambia pale penye duara jeusi ni mahali pazuri pa kuweka jiko, upepo haufiki. Akasema anajua, kila mtu anayehamia hapo hugundua.

Nilirudi Satellite saa nane. Hope alikuwa anapanga karatasi za kesho yake, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Hope, mistari yako ya Kawangware ni ya uongo. Uongo wangu."

Akatabasamu bila kuinua kichwa. "Babu, leo sina nafasi ya stori. Nisimulie kesho nikirudi."

"Si stori. Nimekuwa nikiwanawisha na maji ya moto mlangoni."

"Sawa, babu. Na Nyayo Highrise?"

Hata yeye alikuwa ameshaisikia. Nilihisi aibu niliyosahau kwamba ninayo. Nikavuta kiti nikaketi mbele yake na kuweka mikono yote miwili mezani.

"Nipime."

"Una miaka sabini na minne, hauingii."

"Usiniandike kitabuni. Nipime tu. Mimi nimekupa wiki mbili za benchi, wewe nipe dakika ishirini."

Nafikiri ni kwa sababu sikutania. Alichukua saa kutoka mkononi mwangu akaiweka mezani. Tukakaa kimya dakika ishirini nzima, mlango wa mbele ukiwa wazi ili baridi iingie. Kisha nikaleta birika na karai, nikamwambia animwagie mkono wa kulia peke yake, na nikamwonyesha jinsi ya kuushika mpini na kitambaa. Wa kushoto haukuguswa.

Akanibana kidole cha mkono wa kushoto. Mstari ukalala chini kama wa Kibera. Akahamisha kibanio kulia. Mstari ukapanda, ukakaa juu, ukitikisika kwa raha zake.

Hope alitoa kibanio, akakiangalia, akakirudisha. Kushoto. Kulia. Kushoto tena. Halafu akavua miwani.

"Wote?"

"Wote. Hata yule mama aliyekuja na glavu, nilimvua."

"Watu thelathini na wanane." Sauti yake ilikuwa ndogo. Akatoka nje akaketi kwenye benchi, mahali pale pale ambapo wao hukaa. Nilingoja matusi. Nimetukanwa na mafundi waliobeba mawe juani, nilikuwa tayari. Yeye akauliza tu, "Kwa nini, babu?"

Nikamwambia habari za Awiti. Za ua, na uji, na kunawa mara tatu. Sikuongeza orofa hata moja. Nilipomaliza alikuwa anasugua vidole vyake mwenyewe.

"Ningesimama kesho," akasema. "Ningesimama mbele ya watu wote niseme Kawangware imebarikiwa mishipa. Halafu mtu mwingine aje apime tena, bila wewe mlangoni."

"Na sasa?"

"Sasa nitasimama niseme nimekosea." Akafikiri kidogo. "Na nitampigia mama tena."

Hiyo simu ya pili sikuisikiliza. Niliingia dukani nikajifanya namsaidia Mercyline kutafuta sindano.

Ijumaa nilichukua saa ya Hope pale mezani, nikaifunga kwenye gazeti ili nimrudishie. Alikuja saa tisa, na kwa mwendo wake sikuweza kujua kitu.

"Walisema nini?"

"Mmoja alisema ni aibu. Mmoja akacheka, akaniuliza nimegunduaje. Nikasema bawabu wangu aliniambia." Akaketi. "Wamenipa mpaka mwisho wa Agosti, kabla baridi haijaisha. Niwapime wote upya."

Nikampa gazeti. Alilifungua, akaona saa, akanivalisha mkononi mwenyewe.

"Nani ataweka dakika ishirini? Lakini hilo birika, babu..."

"Nitalificha. Nitalipeleka kwa Jeconia."

Hope akasimama. Aliinua jiko kwa vishikio vyake, likiwa na makaa, akapita nalo katikati ya chumba, akatoka nalo mlango wa uani. Akarudi akachukua birika. Akarudi akachukua karai na taulo.

"Wakiingia, hapana," akasema. "Wakitoka kwa maji yangu ya baridi, uwanawishe hapa."

"Na dakika ngapi?"

"Huku nyuma hakuna dakika."

Jumatatu wa kwanza kurudi alikuwa Mwongeli. Alikaa kwenye benchi akitetemeka na kunitazama kama mtu aliyemkuta mume wake akila peke yake.

"Sifuna, maji iko wapi? Umekuwa mchoyo siku hizi?"

"Ukitoka."

"Nikitoka nitakuwa maiti."

"Basi nitamnawisha maiti. Kaa kimya, unaharibu sayansi."

Akaingia. Nikazunguka uani nikangoja. Alipotoka vidole vyake vilikuwa vyeupe hadi kwenye viungo, akaninyooshea mikono kabla sijamwambia. Nikainamisha birika. Maji yakapita juu ya mikono yake, yakaingia kwenye karai. Mara ya kwanza uso wake haukubadilika. Halafu akafumba macho.

"Siafu wamekuja?" nikamuuliza.

"Wanakuja. Uuu, wanauma, hao wadudu. Ongeza."

Kwenye drafti walitaka kujua kilichotokea kwa damu ya moto ya Kawangware. Niliwaeleza kweli tupu, na Jeconia akasema huo ni uongo mbaya kuliko wote, hauna hata utamu. Nikawaambia basi kwamba wakubwa wa chuo waliogopa Kibera ikisikia itaandamana. Hiyo waliiamini mara moja.

Jioni ya Jumatatu hiyo Hope alipofunga kompyuta yake na kwenda, makaa yalikuwa bado hai na birika lilikuwa na maji kidogo chini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeganda kwa kushika taulo mbichi siku nzima. Nikaketi uani nikaumwagia polepole. Siafu wa kidole gumba walikuja kwanza, kisha wengine, na wa kidole cha mwisho wakachelewa kabisa, wazee kama mimi.

Nikamwaga tena, mara ya pili, ingawa mkono ulikuwa umeshaamka.

"Nimeshika simiti tena," nikasema.